Bei ya Moto wa Haraka

Marehemu baba alikuwa na hatua saba. Akishabishana bei na muuzaji mpaka maneno yakaisha pande zote mbili, alikuwa anashukuru vizuri, anageuka, na kuondoka huku akizihesabu hatua zake kimoyomoyo. Hatua ya nne ilikuwa ya kumpa mwenzake muda wa kufikiri. Ya tano ilikuwa ya kumtia wasiwasi. Kabla ya ya saba, aliitwa. Nilimwona akiitwa kwenye mnada wa ng'ombe, akaitwa kwenye majembe, akaitwa kwenye viatu vyangu vya kwanza vya shule, na mara moja aliitwa na mganga aliyekuwa anataka mbuzi, wakaishia kuku. Mashamba yake tuligawana ndugu wote. Zile hatua nilizirithi mimi peke yangu.

Ndiyo maana nilijiona mjinga asubuhi ile hapa Bariadi, kwenye kituo cha kuchajia magari, nilipotembea hatua saba kutoka kwenye mashine, nikasimama, na hakuna aliyeniita. Niliongeza ya nane. Ningeendelea ningeingia barabarani.

Nieleze gari kwanza. Ni gari dogo la umeme, la mtumba, nililolikuta kwenye yadi Mwanza likiwa limekaa zaidi ya mwaka bila mtu wa kuliuliza hali. Mimi nanunua na kuuza dengu na choroko, kwa hiyo najua jinsi mali iliyolala inavyomchosha mwenye nayo. Nilikwenda pale mara tatu. Nilihesabu matairi, nikahesabu viti, nikagonga mabati upande mmoja na upande wa pili, kisha nikarudia kuhesabu. Hatua saba nilizitembea mara mbili na mara zote mbili niliitwa. Nikalileta gari nyumbani juu ya lori lililokuwa linarudi tupu, na dereva wa lori naye alipunguza.

Kitu ambacho sikukihesabu ni vistari vidogo kwenye dashibodi, vile vinavyoonyesha uzima wa betri. Gari likiwa jipya vinakuwa kumi na viwili. Langu lilikuwa na vinane. Nilidhani vinapungua na kurudi kama geji ya mafuta. Havirudi. Gari lililozaliwa na nguvu za kwenda karibu kilomita mia mbili, kwangu linakwenda mia na ishirini, tena likibembelezwa. Bodaboda wa pale karibu na soko walilijua hilo kabla yangu. Nikipita wananiuliza kama asubuhi hii nimeamka na asilimia ngapi, na kama nataka kuazimwa chaja ya simu, ile ya pini ndogo.

Lakini gari lile lina sifa moja ambayo, kwangu mimi, magari mengine ya mkoa mzima hayana. Halinuki.

Mama yangu haiwezi harufu ya mafuta. Si kwamba haipendi tu, haiwezi. Basi likiwashwa tu, yeye anatafuta dirisha. Safari yake ya mwisho ya basi alitapika kutoka Maswa mpaka Lamadi, akashuka akiwa kijivu kama jivu lenyewe, na aliporudi kwake Kimali akasema miguu yake haitapanda tena kitu chenye bomba la moshi. Hiyo ni miaka tisa sasa. Na miaka hiyo tisa hajamwona dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeolewa Kiloleli. Wamebaki wawili tu katika tumbo lao. Wanazungumza kwa simu siku za Jumapili, kila mmoja akipiga kelele kana kwamba sauti inakwenda kwa mguu.

Mara ya kwanza nilipompakia kwenye gari langu, alikaa, akavuta pumzi mara mbili, akanusa kiti, akanusa mkanda. "Hili halinuki," akasema. Nilikuwa sijawahi kusikia mama akisifia kitu nilichokinunua mimi.

Kisha kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akapiga simu. Alikuwa amekuja Kiloleli kumchukua mama yake akaishi naye Mbeya, maana nyumba imebaki na mtu mmoja na macho hayaoni vizuri. Wataondoka Alhamisi, saa saba mchana, kwa gari la kukodi hadi Mwanza, na alfajiri ya siku ya pili wapande basi. Aliniambia hayo Jumatatu. Mbeya, kwa mtu anayetapika kuanzia Maswa, ni sawa na mwezini. Wote tulielewa bila kusema kwamba wale wawili wasipoonana kabla ya saa saba ya Alhamisi, watabaki kuonana kwa simu mpaka mwisho.

Jumatano nilikwenda Kimali kumchukua. Wakati wa kurudi nilisimama Maswa, pale Binza, kwa rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikachomeka gari kwa saa tatu. Hakunidai umeme. Mimi, ili asije akapata wazo la kunidai, nilinunua misumari kilo mbili. Bado ninayo. Jioni tuliingia Bariadi na asilimia kumi na mbili, mama akiwa na gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kidumu cha samli na kuku mmoja jike, vyote vya dada yake. Njia nzima nilikuwa nagawanya kilo za michembe kwa kilomita, maana uzito nao unakula betri.

Hesabu ya usiku huo nilikuwa nimeshaipiga asubuhi kabla sijaondoka. Gari likija tupu linataka uniti kumi na tano za umeme. Taa na friji zinataka mbili, weka tatu. Nilinunua kumi na nane juu ya akiba iliyokuwepo, nikasoma mita, nikahesabu upya, nikaridhika. Jioni nikachomeka gari, nikala, nikalala.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mke wangu naye alisoma mita asubuhi hiyo. Akaona uniti zimejaa namna ambayo hajawahi kuziona katika nyumba ya mume wake, akaona leo mkwe anakuja, akabandika makande kwenye jiko la umeme tangu saa mbili. Baada ya makande akapika chapati. Baada ya chapati akachemsha maji ya mama kuoga, na ya chai, na ya kukanda miguu. Mama alikula makande yale akaomba tena. Alfajiri nikakuta nyumba iko kimya, friji imenyamaza, mita inaonyesha sifuri, na gari lina asilimia arobaini na sita.

Sikugombana na mtu. Nilihesabu mara mbili, ni kweli, lakini mara zote mbili zilikuwa asubuhi.

Uniti nilizinunua palepale kwa simu. Tatizo halikuwa tena uniti, lilikuwa saa. Soketi ya nyumbani inatia moto taratibu mno. Kwa kilichopungua ningefika Kiloleli saa saba na nusu, nikute vumbi la gari la kukodi. Ndipo nikakikumbuka kile kituo kwenye barabara ya Lamadi, ambacho nilikuwa nimeapa mbele ya bodaboda kwamba hakitaiona pesa yangu.

Kilikuwa na miezi michache tu. Mashine mbili chini ya paa la bati. Moja ni nyembamba, inachaji polepole, shilingi mia sita kwa uniti. Nyingine ni nene kama kabati, inachaji haraka, na hiyo ni elfu moja na mia tano kwa uniti, pamoja na elfu mbili ya kuchomeka tu, hata kabla moto haujaingia. Nyumbani kwangu uniti haifiki mia nne. Nilikuwa nimepita pale mara kadhaa nisome ile bei, kama mtu anayepita kumwangalia adui yake.

Aliyekuwa zamu ni dada mmoja wa makamo, mwenye koti la kuakisi mwanga na kanga chini yake. Alimwamkia mama kwanza, kwa Kisukuma, akipiga goti kidogo: "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia, akamuuliza ametokea wapi, wa ukoo gani, mvua huko kwao zikoje, na wao wakawa wameshakuwa ndugu mimi bado nasoma kioo cha mashine.

Nikaanza kazi yangu. Nilimwambia kwamba mimi ni mteja wa kudumu. Akasema hajawahi kuniona. Nikasema ndiyo naanza kuwa wa kudumu. Nikamwambia asubuhi hii hana gari lingine, mashine imesimama bure, na kitu kilichosimama bure ni hasara. Anifanyie elfu moja kwa uniti na ile ya kuchomeka tuisahau. Akacheka vizuri tu, bila dharau. Akaniambia mtu wa petroli angetumia zaidi kwa safari ileile. Hilo nilikuwa nimeshalihesabu na lilikuwa kweli.

"Baba," akasema, "bei anaipanga mwenye mashine, na yeye yuko Mwanza. Mimi nafuta kioo tu. Hata nikikuonea huruma, hii haina masikio."

Hapo ndipo nilipotembea zile hatua. Moja mpaka saba, na ile ya nyongeza. Nilipogeuka, dada alikuwa anafuta kioo.

Maisha yangu yote nimenunua vitu kwa watu. Mtu ana njaa, ana haraka ya kurudi nyumbani, ana mtoto anayedaiwa ada, ana moyo mwepesi au ana kiburi. Vyote hivyo vina bei, na ukivijua unapunguziwa. Mama naye haondoki kwenye fungu la nyanya bila kuongezewa moja. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kabati lisilo na njaa, wala haraka, wala nyumbani. Sikuwa nimeona aibu kiasi hicho tangu niuziwe choroko zenye mchanga.

Basi nikafanya ninachojua. Nikachomeka kwenye ile nyembamba, ya mia sita. Kwa hesabu yangu ingemaliza saa tano na robo, nasi tungefika Kiloleli saa saba na robo. Robo saa ni kitu cha kuzungumza. Nikampigia kaka, nikaanza kuinunua ile robo saa. Nilimuuliza kama kuna ubaya gani wakiondoka na jua limepoa kidogo. Akasema dereva ana abiria mwingine Mwanza saa tisa, na yeye mwenyewe ameshamwomba dereva mambo mawili na ameishiwa uso wa kumwomba la tatu. Nikamwambia amwongeze elfu mbili. Akasema kwa upole kwamba hata akimwongeza, mama yangu atafika ashikane mikono na dada yake dirishani, kisha gari liondoke. Je, ndicho nilichokuwa nataka kumnunulia?

Nilirudi kwenye gari. Mama alikuwa amekaa mbele, mkanda amefunga tangu nyumbani, mkononi limau la kunusa na mfuko wa kutapikia alioukunja vizuri. Kuku alikuwa miguuni mwake. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Wana moto wa aina mbili hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Wa pole na wa haraka.

"Kama kule mashineni," akasema.

Ninapaona kule mashineni sasa hivi nikifumba macho. Ilikuwa mashine ya kusaga ya senta, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka kwetu. Mwenye mashine alikuwa mjanja. Injini ilipokuwa inasaga mahindi ya watu, yeye aliiunganisha na kuchaji betri. Zilipangwa sakafuni, betri za magari zilizokwishachoka kuwasha magari, sasa zimekuwa za redio, kila moja imeandikwa kwa chaki alama ya mwenyewe. Alikuwa na moto wa pole, unaacha betri katika msururu na wenzake, unaifuata siku ya tatu. Na alikuwa na moto wa haraka, betri yako peke yake kwenye waya, inachemka ukisikia, na jioni unaondoka nayo. Ule wa haraka ulikuwa mara tatu ya bei, na mwenye mashine mwenyewe alionya kwamba unapika betri kwa ndani.

Baba hakuwahi kuwa mtu wa moto wa haraka. Aliifunga betri kwenye kerea ya baiskeli kwa mpira, akaiacha kwenye msururu, tena baada ya kutembea hatua zake na kuitwa, akalala kwa shemeji yake, akarudi siku ya tatu. Shati lake la kazi lilikuwa na matundu matundu mgongoni na kifuani, ya maji ya betri. Siku hizo tatu nyumba yetu ilikuwa kimya, na betri iliporudi tuliizunguka kama mgeni.

"Unakumbuka ile Jumapili ya kadi?" mama akauliza.

Nilikumbuka kadi. Mama mkubwa alikuwa amenunua kadi ya salamu, akaijaza na kuituma redioni, imsalimie mdogo wake aliyeko Kimali. Muuza dagaa aliyekuwa anazunguka na baiskeli ndiye aliyeleta habari: itasomwa Jumapili hii, kipindi cha mchana. Habari ilifika Ijumaa, na betri ilikuwa imekufa tangu Jumatano. Nilikumbuka pia baba alivyotoka Jumamosi kabla ya jogoo wa pili, na alivyorudi jioni ileile, jambo ambalo lilitushangaza sisi watoto. Nilishika betri ile. Ilikuwa bado na joto, kama kitu kilichotoka kulia.

"Siku ile hakwenda hatua zake," mama akasema. "Shemeji yake alikuwepo, aliniambia. Alitoa pesa akasema weka wa haraka. Mwenye mashine akamwangalia, akamuuliza kama anaumwa."

Kuku akajisogeza.

Betri ile haikufika msimu uliofuata wa pamba. Moto wa haraka uliipika kweli, kama ilivyosemwa. Ikaishia kuegemeza mlango wa zizi la ndama, na sikuwahi kumsikia baba akiisema vibaya, yeye ambaye aliweza kulisema vibaya jembe kwa miaka kumi.

Nikashuka. Nikamwambia dada anihamishe kwenye ile nene. Hakuuliza kama naumwa, ila alinitazama kidogo, kisha akachomoa, akachomeka, akaniomba nibonyeze kitufe. Mashine ikaanza kuvuma, na tarakimu zikaanza kupanda kwenye kioo, shilingi upande huu na uniti upande ule. Nilitaka nisiangalie. Niliangalia zote. Ilichukua dakika hamsini, maana mwishoni betri iliyochoka inakunywa kwa kijiko. Jumla ilikuja elfu kumi na nne, ukiacha ya ile nyembamba. Nililipa kwa simu. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayeguna, na hiyo ndiyo shukrani niliyoipata.

"Amekupunguzia?" mama akauliza nilipokaa.

"Amepunguza kidogo, mayu."

"Wabeja," akamshukuru dada kupitia dirisha, kwa kupunguza. Dada akanitazama, nami nikatazama mbele. Akamwitikia mama vizuri, akamtakia safari njema.

Tuliondoka saa tatu kasoro dakika chache. Niliendesha mwendo wa sitini, vioo nusu, kipoza hewa nimekizima, nikilinganisha kilomita zilizobaki na asilimia zilizobaki. Mama alikuwa anahesabu vyake: majaruba ya mpunga, ng'ombe wa watu, nyumba mpya za bati. Alisema miaka tisa watu wamejenga. Pale Lamadi tulipokunja kushoto upande wa Mwanza, alifungua ule mfuko wa kutapikia, akautazama ndani, akaukunja tena akauweka kwenye pochi. Limau alimpa kuku adonoe.

Tulifika Kiloleli saa tano, tukiwa na asilimia kumi na moja.

Mama mkubwa alikuwa barazani juu ya begi lake, amevaa viatu vya safari. Hakusikia gari likiingia, maana halina sauti, na macho hayakumwambia. Alishtuka mlango ulipofungwa. Mama alimwendea, akasimama mbele yake, na mama mkubwa akanyoosha mkono akamshika kwenye kiwiko, pale pembeni, mahali ambapo mama ana kovu la mundu la utotoni. Alilipapasa lile kovu. Kisha wakakaa.

Nilitegemea machozi na habari za miaka tisa. Hawakufanya hivyo. Walianza kubishana juu ya kuku, kama anafaa kwenda Mbeya au achinjwe. Wakafungua michembe wakaanza kuitafuna palepale bila kuichemsha, kwa meno waliyokuwa nayo, wakilaumu kwamba siku hizi inakaushwa haraka. Kaka na dereva walipakia vyombo. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya saa mbili zile: elfu kumi na nne kwa dakika mia na ishirini.

Ilibaki kama nusu saa, mama akamwambia dada yake kwamba leo tumekuja kwa moto wa haraka, kama ile Jumapili ya kadi.

Mama mkubwa akaacha kutafuna.

"Ile kadi haikusomwa," akasema. "Mimi nilikaa kwenye redio ya jirani kipindi kizima. Walisoma mpaka za watu wa Kigoma. Yangu hawakufika."

"Najua," mama akasema.

"Unajua? Uliniletea habari kwamba umeisikia. Yule wa dagaa alikuja na shukrani zako."

"Na wewe ulizipokea."

Mama mkubwa akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega. Akauliza kwa nini alimdanganya. Mama akasema hakumdanganya yeye. Baba watoto alikuwa amepeleka ng'ombe kunywa maji wakati wa kipindi. Aliporudi, kabla hajaweka fimbo chini, aliuliza kama imesomwa. "Betri bado ilikuwa ya moto," mama akasema. "Ningemwambiaje? Nikamwambia nimesikia, wamenitaja jina na la kijiji. Sasa kama yeye anajua nimesikia, na wewe ilibidi nikushukuru."

Baba alikufa akiamini salamu zile zilifika. Aliwahi kuniambia, mimi nikiwa mtu mzima tayari, kwamba katika maisha yake alinunua kitu kimoja tu bila kupunguziwa na hakikumuuma. Sikumuuliza ni kitu gani. Nilidhani anasema ng'ombe.

Saa saba kasoro dakika tano dereva akapiga honi, mara moja, kwa adabu. Walishikana mikono yote miwili. Mama mkubwa akasema watazungumza Jumapili. Mama akasema asipige mapema, yeye huwa kanisani. Ndivyo walivyoagana, wale wawili, na gari la kukodi likawashwa, na mama akarudi nyuma hatua chache akiziba pua kwa kanga.

Kaka aliteremsha kioo akaniambia nichomeke gari langu kwenye soketi ya sebuleni. Luku ya mama yake ilikuwa na uniti kumi na nne zimebaki, na Mbeya hawezi kwenda nazo. Nizitumie zote. Nikamuuliza anazitaka kwa bei gani. Alicheka mpaka gari likaondoka.

Tuliketi barazani, mama na mimi, jua limelalia upande wa ziwa, waya wa gari umeingia dirishani kwenye nyumba isiyo na vitu. Kuku alikuwa amebaki. Mwishowe ilikubaliwa kwamba atarudi Kimali. Ndani ile mita ya mama mkubwa ilikuwa inateremka polepole, moto wa pole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikwenda kuisoma.

"Yule dada wa asubuhi," mama akasema baada ya muda. "Alikupunguzia kweli?"

"Alipunguza, mayu."

"Vizuri," mama akasema, na akaendelea kutazama barabara. Alilisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, na nadhani ndiyo sauti ileile aliyomwambia nayo baba kwamba ameisikia kadi.